Mwanga Unaowafaa Wakwe

Kaka yangu mkubwa ni mtu mwema. Nalisema hili mapema kwa sababu nikishaanza kusimulia sitapata tena nafasi ya kulisema.

Krismasi moja alipanda kutoka Dar na gari limejaa mpaka watoto wamepakatana. Kwetu Rombo, kila aliyeko Dar hurudi nyumbani Krismasi ili ukoo uone kwamba Dar haijamshinda. Mmoja huleta friji ya kupozea maji ambayo yanatoka mlimani tayari yamepoa. Mwingine huleta mke mpya. Kaka, ambaye kazi yake ilikuwa kufunga umeme kwenye maghorofa, alileta taa. Hazikuwa glopu. Zilikuwa zile bapa, nyeupe, zenye vitaa vidogo vidogo vya LED, zimebaki kwenye ofisi fulani aliyoifungia umeme, na kila moja ilikuja na kiboksi chake cha kuilisha umeme ambacho sisi mafundi tunakiita draiva. Miaka ya elfu mbili ilikuwa inaelekea kuisha, lakini huku mlimani hatukuwa tumeziona. Mimi mwenyewe, mwanamke fundi redio wa Moshi mjini, mwenye kibanda na chuma cha kulehemu, nilikuwa nazisikia tu.

Akazifunga kwenye kilabu cha mama.

Mama alianza kupika mbege ya kuuza, ile pombe yetu ya ndizi na ulezi, bei ya kahawa ilipoporomoka. Wanunuzi binafsi walikuja na mizani zao na maneno yao matamu, bei ikashuka mpaka majirani wakaanza kung'oa mibuni wapande nyanya. Mama hakung'oa kitu. Aliiangalia migomba yake, akasema kahawa watu wanaweza kuishi bila kuinywa, na ushahidi ni sisi wenyewe, tumeilima miaka yote na tunakunywa chai. Banda la ng'ombe likawa kilabu: mbao, bati, benchi kuzunguka kuta, pipa katikati, dirisha hakuna. Taa ilikuwa glopu moja ya njano iliyopakwa moshi na vinyesi vya nzi, kiasi kwamba ukibonyeza swichi ilibidi uulize kama imewaka.

Kaka aliishusha glopu hiyo kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa panya aliyekufa. Akapandisha taa zake nne. Padri, aliyekuwa amealikwa kula ndizi na nyama, akazinyunyizia maji ya baraka nami nikarudi nyuma hatua kadhaa, maana imani yangu ipo ila nayajua maji na umeme. Swichi ikabonyezwa. Pakawa peupe kama chumba cha upasuaji. Ukoo ukapiga makofi. Mama akapiga vigelegele vya mtu aliyepewa ng'ombe wa maziwa wakati hana majani.

Mwezi haujaisha, akanipigia kwa simu ya jirani.

"Mwanangu, njoo. Hii taa inanifukuzia watu."

Nilimwambia pengine ni Kwaresima, wanywaji wa Kikatoliki hutubu kwa msimu.

"Kwaresima bado," akasema. "Na tangu lini hawa wangu wakatubu mapema?"

Nilipanda Jumamosi. Saa tisa alasiri, saa ambayo kilabu huwa kinanguruma, nilikuta wazee watatu wameketi mbalimbali, kila mmoja anautazama ukuta wake. Mbege ilikuwa nzuri, niliionja. Mmoja wa wale wazee aliniambia kwa uchungu kwamba ameinywa maisha yake yote na hakujua kwamba machicha ya ulezi yanaelea namna ile. "Kuna vitu mtu hapaswi kuvitazama," alisema, na akavinywa huku amefumba macho.

Lakini machicha hayakuwa tatizo. Tatizo lilikuwa wakwe.

Kwetu mwanaume hakai uso kwa uso na mama wa mke wake. Hali naye, hanywi naye, na wakikutana njiani mmoja hujitosa migombani mpaka mwenzake apite. Baba mkwe na mke wa mwanawe ni vilevile. Ni heshima, na ni heshima nzuri, sina ugomvi nayo. Ila kijiji chetu ni kidogo, watu wameoana kizazi baada ya kizazi, na ukihesabu vizuri nusu ya wanywaji wa mama walikuwa wakwe wa nusu nyingine. Chini ya glopu ya zamani jambo hilo halikumsumbua mtu. Mama mkwe anakaa kona hii na kata yake, kibuyu cha kunywea, mkwe anakaa kona ile, kila mmoja anajua mwenzake yupo, na hakuna anayemwona. Usichokiona hakikuvunjii heshima. Taa za kaka ziliangaza kila uso. Mkwe akiingia, mama mkwe anajifunika kanga na kutoka. Mama mkwe akiingia kwanza, wakwe zake wanapita mlangoni wanachungulia kama wezi, wanaenda kunywa kwa jirani ambaye mbege yake, Mungu anisamehe, ni maji ya kuoshea pipa.

"Basi tuzishushe," nikasema. "Turudishe glopu."

Mama alinitazama kana kwamba nimesema tumshushe Bikira Maria ukutani.

"Taa aliyoitundika mwanangu wa kwanza mbele ya ukoo, padri akaibariki, niishushe mimi? Nimwambie nini akija Pasaka?"

Hapo ndipo niliposikia lililokuwa nyuma ya yote. Kaka alikuwa amemwambia Krismasi ileile kwamba umri umeenda, kupika mbege ni kazi ya punda, na kama biashara yenyewe haina maana, akija Pasaka atamchukua wakaishi wote Dar. Chumba kipo, kina kitanda na feni. Alilisema kwa upendo, ndiyo maana lilikuwa la hatari. Ukigombana na mtu mbaya una pa kushika. Na mama, aliyewahi kumfukuza mnunuzi wa kahawa kwa mpini wa jembe, kwa mtoto wake wa kwanza hakuwa na neno hapana. Alikuwa anangoja kilabu kiseme kwa niaba yake. Kilabu kikijaa, anabaki. Kikiwa kitupu, atafunga kanga zake kwenye begi na kwenda kupulizwa na feni.

Nilimwona akisugua pipa ambalo halikuhitaji kusuguliwa na nikaogopa kweli. Ukimtoa yule mama kwenye kihamba chake, shamba la urithi la migomba na kahawa, utakuwa umemng'oa kama mbuni, na mbuni mzee ukiuhamisha haushiki.

Nilipanda juu ya benchi niichunguze draiva moja. Mama mwenyewe alikuwa ameshajaribu tiba yake: taa mbili zilifungwa kanga na zilionekana kama majeruhi wa pikipiki. Niliifungua ile kanga nikaona, pembeni ya nyaya nene za umeme, nyaya mbili nyembamba, moja ya zambarau na nyingine ya kijivu, zimekunjwa na kufungwa tepu. Kaka hakuzihitaji. Maandishi ya kwenye kiboksi yalinieleza: hizo ndizo za kupunguzia mwanga. Ukiziacha wazi, taa inawaka yote. Ukizigusanisha, inafifia kabisa. Katikati ya hayo mawili unaweka potenshometa, ile ambayo kwenye redio tunaiita volyumu, na mwanga unapanda na kushuka kwa kuzungusha kitufe. Niliposoma hivyo nilicheka peke yangu juu ya benchi. Kumbe dawa ilikuja na ugonjwa kwenye boksi moja.

Nilirudi mjini nikachomoa volyumu kwenye redio kongwe ya mteja aliyehama bila kuaga, nikapanda nayo Jumamosi iliyofuata. Niliziunganisha zile nyaya nyembamba za taa zote nne, zambarau na zambarau, kijivu na kijivu, nikazileta kwenye kitufe kimoja nyuma ya pipa. Nikakizungusha. Hakuna kilichobadilika. Nikazungusha tena. Hakuna. Nikafika karibu na mwisho na ghafla giza, na mzee mmoja akauliza kama TANESCO wamekuja kukata umeme.

Volyumu ya redio imetengenezwa kwa ajili ya sikio, na sikio lina mahesabu yake. Badiliko lote hurundikwa upande mmoja. Nilihitaji ile inayobadilika sawasawa toka mwanzo hadi mwisho, na Moshi nzima hawakuwa nayo, au walikuwa nayo na hawakujua. Niliipata sokoni Tarakea, kwa Mkenya aliyekuwa anauza matumbo ya amplifaya zilizokufa, kayatandaza chini kwenye turubai kama dagaa. Aliniuliza nairekebisha redio gani. Nikamwambia narekebisha ndoa za watu. Akanipunguzia bei.

Kitufe kipya kilishuka taratibu, uzuri wake mpaka nilitaka kumwita mtu aone. Wanywaji wakaanza kurudi mmojammoja, na kosa jingine likajitokeza. Yeyote aliyekaa karibu na pipa alikigeuza kitufe mpaka mwisho, giza likaingia, na katika giza hilo mbege ilikuwa inapungua kwenye kata za watu wengine. Kukatokea pia kelele moja ya mwanamke ambayo mama alikataa kunieleza. "Weka mpaka," aliniambia. "Kishuke, lakini kisifike kuzimu."

Mpaka ni kazi ya rezista, kile kipande kidogo cha kubana umeme. Ukiiweka kwenye mstari mmoja na potenshometa, hata mtu akikizungusha kitufe hadi chini, umeme bado unaikuta rezista imesimama pale, na taa haifiki gizani. Ya pili unaiweka sambamba, kati ya nyaya mbili zilezile, nayo inazuia kule juu, mlevi asije akaufungua ule mwanga wa upasuaji kwa bahati mbaya. Rezista ninazo za kumwaga. Swali lilikuwa mpaka wenyewe uwe wapi, na kwa hilo hakuna kipimo kwenye kibanda changu.

Mama alikuwa na sheria: kata ionekane, uso usionekane. Nikaona nitajaribu kwa kuuliza. Nilimketisha kijana mmoja mnywaji upande huu na mama mkwe wake upande ule, nikashusha mwanga kidogo, nikamuuliza, "Unamwona nani pale?"

"Simwoni mtu," akajibu, macho juu ya bati.

Nikapandisha mwanga. "Na sasa?"

"Simwoni mtu."

Nikaufungua wote, peupe, mama mkwe wake yuko mbele yake na kanga ya maua makubwa mekundu. "Simwoni mtu," akasema, jasho linamtoka. Nikamgeukia yule mama. Naye hakuwa amemwona mtu tangu asubuhi.

Nilikuwa nawauliza watu ambao adabu inawaamuru kudanganya. Mama alicheka mpaka akashika pipa. "Usiwaulize midomo," alisema. "Tazama shingo." Na kweli. Mkwe anayeona huinamisha kichwa, hawezi kujizuia, kafundishwa toka utotoni. Mkwe asiyeona, shingo yake inanyooka. Basi nikabadilisha rezista moja baada ya nyingine, mama amesimama mlangoni anazitazama shingo na kuniambia punguza, ongeza, punguza tena, mpaka safu nzima ya vichwa ikanyooka kwenye mabenchi na kata zikaenda midomoni bila kupapasa. Nikalehemu hapohapo. Nina multimita ya Kijerumani niliyoitafuta kwa miaka, na sijawahi kufanya kipimo sahihi kuliko kile.

Kwaresima ilifika na wachache walitubu. Wengine walisubiri hadi Wiki Kuu. Jumatatu ya Pasaka kilabu kilifurika tena, na kaka akaja.

Aliingia alasiri kutoka kwenye jua kali, haoni hata mkono wake. "Shikamooni," akasema kwa ujumla kuelekea kwenye giza, na giza likamjibu marahaba. Mama alimshika mkono, akamwongoza kwenye benchi fulani, akamgeuza, akamketisha akitazama mlango. Nilishangaa kwa nini anamgeuzageuza hivyo. Akampa kata. Kaka akanywa, akajifuta mdomo, kisha akaanza kuangalia juu.

"Taa zangu zimekufa?"

"Hazijafa," nikasema. "Nimezipunguza."

"Nani alikuambia uzipunguze? Taa za ofisi hizi! Unakalisha watu gizani kama popo."

"Kaka, acha. Nitakueleza nje."

Hakuacha. Yeye umeme ndio ugali wake, alijua vizuri zaidi yangu zile nyaya ni za nini. Alifuata ukuta kwa kiganja, akaifikia waya ile ya zambarau nyuma ya pipa. Mama alisema, "Baba, usiguse," kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia akiitumia kwake. Kaka akasema kwamba Mama amezoea shida mpaka ameipenda, ndiyo maana anataka kumtoa hapa. Akaivuta, ikachomoka.

Waya ikikatika, taa huwaka yote.

Kila shingo iliinama kwa pamoja. Kanga zilipanda vichwani. Mzee mmoja aliingia nyuma ya mlango, mwingine, sijui aliwaza nini, alijifunika uso kwa kata yenye mbege na ikamwagikia kifuani. Kaka aligeuka aone uzuri wa taa zake. Kwenye benchi lililokuwa nyuma ya mgongo wake, umbali wa kupeana chumvi, ameketi mama mkwe wake. Alikuwa amekuja kumsalimia mama kwa ajili ya Pasaka, wazazi wenza hawa. Alikuwa na kata mkononi, machicha kwenye mdomo wa juu, na mguu mmoja ameuvua kiatu.

Sijawahi kumwona fundi mkubwa wa Dar akiwa mdogo namna hiyo. Alitoa sauti kama ya mbuzi, akavuta koti juu ya kichwa na kutoka mbio akipiga bega kwenye nguzo. Tulisikia migomba ikivunjika.

Nilimkuta kwenye mfereji, amechutama, koti bado liko kichwani. Nilitaka kumcheka na nilimcheka, muda mrefu, mpaka na yeye mabega yakaanza kumtikisika. Akaniuliza kama siku zote huwa wamejaa hivi. Nikamwambia siku zote, isipokuwa ule mwezi wa mwanga wako. Akauliza tena, polepole, kama wale wote huja kwa ajili ya mbege. Nikamjibu kwamba mbege ipo kila mahali.

"Kairudishe ile waya," akasema. "Nimeacha kata yangu."

Nikairudisha. Shingo zikanyooka. Kaka aliingia kinyumenyume, akaketi palepale alipokuwa, mgongo kwa mama mkwe wake. Halafu mama mkwe akaongea, akiielekea nguzo, maana ndivyo mkwe anavyosemeshwa ikibidi, kwa kupitia kitu kingine.

"We nguzo. Mwambie huyo kijana, mwaka juzi mama yake alikaa kwake Dar wiki mbili, akarudi kanisimulia. Geti halikugongwa na mtu ila wa kuuza vyombo. Akawa anawasubiri hao wauza vyombo. Anawakaribisha wakae."

Mimi sikuwa nalijua hilo. Nilimtazama kaka, naye aliikazia macho nguzo kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma.

"We nguzo," alisema hatimaye. "Mwambie huyo mama nimesikia. Mwambie, mama yangu haendi popote."

Watu wakaendelea kunywa. Mama alikuja kuketi kwenye benchi kati yangu na kaka, akavuta upindo wa kanga na kuuweka machoni, akauacha hapo. Alilia vile mpaka pipa likahitaji kujazwa, katikati ya nusu ya kijiji, na hakuna aliyemwona.